Dawa ya Moto ni Moto? Bunduki na Ulinzi wa Boma Karamoja

Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Wafugaji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, wameijaribu methali hii kwa maisha yao na kwa ng'ombe wao. Insha hii inaeleza jinsi bunduki ilivyoingia katika maboma yao, kwa nini walipenda aina fulani kuliko nyingine, na yaliyotokea serikali ilipowataka wazisalimishe. Hoja yangu ni kwamba mfugaji wa Karamoja alichagua silaha ya kulinda boma kwa kutazama silaha ya jirani yake. Kwa sababu hiyo, usalama wa boma moja haukuweza kutenganishwa na usalama wa boma la pili.

Wakarimojong wana matawi matatu makubwa: Wabokora, Wamatheniko na Wapian. Kaskazini yao wako Wajie na Wadodoth. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wako Waturkana, na upande wa kusini wako Wapokot, ambao wanaishi katika nchi zote mbili. Makabila haya hutafuta malisho na maji katika ardhi ileile kavu, na tangu zamani yamekuwa yakioana, yakifanya biashara na kuibiana mifugo. Boma la asili lilizungushiwa ua mnene wa matawi na miiba, likawa na lango dogo ambalo mtu hupita kwa kuinama. Adui aliyeingia ameinama alikuwa mikononi mwa mwenye boma. Silaha za nyumbani zilikuwa mkuki, ngao ya ngozi na kisu cha mviringo kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono. Tena vijana hawakwenda kuvamia bila baraka za wazee.

Bunduki za kwanza zililetwa na biashara ya pembe za ndovu mwishoni mwa karne ya 19. Wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani na wengine kutoka Ethiopia walifika Karamoja kutafuta pembe, na bunduki zikawa miongoni mwa bidhaa za kubadilishana. Kuanzia mwaka 1911 Waingereza walituma askari wa King's African Rifles, wakawafukuza wafanyabiashara hao na kukusanya silaha. Kwa miaka mingi baada ya hapo mkuki ulirudi kuwa mlinzi wa boma. Wakoloni waliitawala Karamoja kama eneo lililofungwa, wakajenga barabara na shule chache tu. Hivyo mwananchi alizoea kujilinda mwenyewe, kwa sababu askari wa serikali alikuwa mbali.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Waturkana walianza kuvuka mpaka wakiwa na bunduki, na mkuki haukufaa tena. Katika miaka ya 1970 mafundi wa Karamoja walijibu kwa kutengeneza bunduki zao wenyewe kutoka kwenye mabomba ya chuma. Bunduki hizo zilikuwa hafifu na za hatari hata kwa mpigaji, lakini zinaonyesha jinsi watu walivyobanwa: mtu hawezi kuweka bomba lenye baruti karibu na uso wake kama ana njia nyingine.

Mwezi Aprili 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka. Askari wa kambi ya Moroto walikimbia na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wamatheniko, ambao waliishi karibu, walilifungua na kubeba bunduki nyingi pamoja na risasi. Kwa siku chache tu kabila moja likawa na nguvu ambayo majirani zake wote hawakuwa nayo. Wabokora, Wajie na Wapian hawakuwa na hiari tena. Ilibidi kila boma litafute bunduki, na bei yake ilihesabiwa kwa ng'ombe. Ukame ulipoungana na uvamizi, njaa kali ya mwaka 1980 iliua watu wengi sana Karamoja.

Mtu aliyetaka bunduki ya kulinda zizi alitazama nini? Jambo la kwanza lilikuwa risasi. Bunduki bila risasi ni fimbo nzito. AK-47 ilitumiwa na majeshi ya Uganda na wapiganaji wa Sudan, kwa hiyo risasi zake zilipatikana kwa urahisi. G3, ambayo ilitumiwa na majeshi ya Kenya, ilikuwa na risasi kubwa zinazofika mbali, lakini kasha lake la kawaida lina risasi 20, na la AK-47 lina 30. Jambo la pili lilikuwa uvumilivu. Mchungaji hulala nje, katika vumbi na mvua, naye alihitaji silaha isiyokwama na ambayo kijana angeweza kujifunza kuitumia upesi. Kwa sababu hizi AK-47 ilienea kuliko nyingine.

Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Vijana wachache wenye bunduki waliweza kuvamia bila kungoja baraka za wazee, na mamlaka ya wazee yakapungua. Bunduki iliyonunuliwa kulinda ng'ombe wa baba ikatumika kuchukua ng'ombe wa watu. Baada ya mwaka 1986, wanamgambo waliolinda mpaka wa Teso walipovunjwa, Wateso walipoteza karibu mifugo yao yote.

Mwezi Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha kwa hiari, na waliosalimisha waliahidiwa plau za kukokotwa na ng'ombe na mabati. Zilipatikana bunduki karibu 10,000. Lakini mwaka 2002 askari wengi walihamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA. Wabokora, ambao walikuwa wamesalimisha bunduki nyingi, walivamiwa na majirani waliobaki na zao. Waliotii serikali ndio walionyang'anywa ng'ombe. Haishangazi kwamba baadaye wengi walitafuta bunduki upya.

Mwaka 2006 jeshi lilirudi kwa nguvu. Maboma yalizingirwa alfajiri na kupekuliwa, na mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mateso na vifo vya raia. Mifugo ilikusanywa katika mazizi ya pamoja karibu na kambi za jeshi. Kwa miaka kadhaa utulivu ulionekana, watoto wakatembea barabarani bila hofu. Kisha, kuanzia mwaka 2019, uvamizi ulirudi, na mwezi Julai 2021 jeshi lilianzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote.

Kwa kumalizia, jina hilo linabeba fundisho la historia yote hii. Boma la Mbokora halikuwa salama wakati Mmatheniko alikuwa na ghala la Moroto, na lile la Mmatheniko halikuwa salama wakati Mturkana alivuka mpaka na bunduki. Mapatano ya Kenya na Uganda yaliyotiwa saini Moroto mwezi Septemba 2019 yalikuwa hatua njema, kwa sababu yalitambua kwamba malisho na hatari havijui mpaka. Dawa ya moto ilikuwa moto kwa muda tu, kisha moto ukaunguza mwenye dawa. Serikali inayomwambia mfugaji aweke bunduki chini lazima ibaki pale usiku, siku adui anapokuja, na lazima imwambie jirani yake vilevile siku hiyohiyo.