Kutoka Msonge hadi Matofali: Majengo ya Bukoba na Muleba na Wajibu wa Sharika Zetu

Wageni wetu wa Dayosisi wafikapo katika vijiji vyetu, kitu cha kwanza wakionacho kati ya migomba ni mabati. Vijana wetu nao hudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Hata hivyo, wale wasomi wa kwanza waliolipokea Neno kutoka Buganda, kabla ya Mchungaji Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli kufika Bukoba mwaka 1910, walizaliwa na kulelewa katika nyumba za majani. Historia ya kanisa letu haiwezi kuelezwa vema bila kuzitaja nyumba hizo.

Nyumba ya Mhaya wa kale ni omushonge, na Kiswahili kina neno lililo ndugu yake, msonge. Haikuwa na ukuta upande mmoja na paa upande mwingine kama tunavyojenga sisi. Paa lenyewe ndilo lililokuwa nyumba. Nguzo zilisimamishwa, mafito yakafungwa kwa kamba pete kwa pete, kisha nyasi zikaezekwa kutoka kileleni hadi kugusa ardhi. Nyasi hizo zilikatwa rweya, yaani mbuga ya wazi iliyo nje ya vibanja. Ndani palikuwa na sehemu ya moto, mahali pa kulala, na mara nyingi mahali pa ng'ombe, na sakafu ilitandikwa majani makavu. Moshi uliowasumbua macho wageni wa Kizungu ulikuwa na kazi yake: ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Jambo la kukumbuka ni hili: msonge haukujengwa mara moja ukaisha. Nyasi zilioza, zikabadilishwa. Nyumba iliyokosa watu wa kuiezeka na moto wa kuikausha ilianguka katika muda mfupi.

Ndiyo maana majengo ya kale ya Buhaya hayaonekani kwa macho kama magofu ya Kilwa. Yanatafutwa ardhini na katika masimulizi. Huko Katuruka, Maruku, wazee walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni, nao ukaanguka. (Msomaji wa Mwanzo sura ya 11 hatashangaa sana.) Masimulizi hayo yalihusishwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000 au zaidi. Baadaye wanakijiji wenyewe waliamua kuhifadhi mahali hapo na kusimamisha tena nyumba ya msonge. Najua wako Wakristo wanaoona mashaka, kwa kuwa palikuwa mahali pa matambiko. Mimi naona kwamba kuhifadhi si kuabudu, na kwamba wanakijiji wale wametutangulia katika jambo ambalo kanisa lingepaswa kulifanya kwa majengo yake.

Ujenzi wa mawe na matofali ulikuja pamoja na utawala. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, kando ya ziwa. Wamisionari Wakatoliki wakafika Kashozi mwaka 1892. Huko Kanazi, Mukama Kahigi wa Kihanja, aliyekuwa rafiki wa Wajerumani, alijengewa jumba la namna mpya, na kuanzia hapo nyumba ya matofali ikawa alama ya cheo. Lakini matofali hayakuwa na nguvu kama yalivyodhaniwa. Mnamo Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji wa Bukoba, wakaiharibu ngome na kituo cha simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mambo yaliyojengwa kwa miaka 25 yaliharibiwa kwa siku mbili au tatu.

Wamisionari wa Betheli nao waliondolewa na vita hivyo. Walirudi katika miaka ya 1920, wakaondolewa tena katika Vita Kuu ya Pili, na Waswidi wakaja kushika mahali pao. Katika mapengo hayo walimu na wazee wa Kihaya ndio walioendesha ibada. Ndio pia waliopanda juu ya paa za makanisa wakati zilipovuja. Fedha ya kahawa ilipoongezeka, mabati yakachukua nafasi ya nyasi, na waumini wakafyatua matofali, wakayachoma katika tanuri, wakayabeba kichwani hadi kilimani. Akina mama walichota maji ya kukandia udongo, na majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote la msingi.

Majengo hayo ndiyo yaliyojaribiwa Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga alasiri, likaua watu wasiopungua 17 katika mkoa wetu na kuacha maelfu bila makazi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mafundi wakaeleza sababu: kuta nzito zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji, bila linta wala mkanda wa zege wa kuzishika pamoja, haziwezi kuhimili mtikisiko. Msonge mwepesi, uliofungwa kwa kamba, ungeyumba tu. Sisemi turudi kwenye nyasi. Rweya za kutosha hazipo tena, na moto wa msonge uliua watu pia. Nasema kwamba tofali lilitufanya tusahau kuezeka. Tuliliona kuwa la milele, tukaacha maji ya mvua yale misingi, tukaacha ufa mdogo uwe mkubwa.

Sasa katika sharika nyingi yapo mashauri ya kubomoa kanisa la zamani ili kupata nafasi ya lile kubwa. Hoja ya idadi ya waumini ni ya kweli, na jengo la hatari lisiachwe liwaangukie watoto wa Shule ya Jumapili. Lakini ufa si hukumu. Kuta zinaweza kutiwa mkanda wa zege, mabati yakabadilishwa, misingi ikachimbiwa mifereji. Kanisa la zamani linaweza kuwa ukumbi, darasa la kipaimara au chumba cha kumbukumbu. Naliomba Baraza la Wazee, na Dayosisi kwa ujumla, kwamba jengo lolote la wazee wetu lisibomolewe kabla fundi mwenye ujuzi hajalipima na kutoa taarifa kwa maandishi, kabla halijapigwa picha ndani na nje, na kabla wazee waliobeba matofali yake, au watoto wao, hawajaulizwa ni nani alibeba na kutoka bonde gani. Kazi hiyo ya mwisho haigharimu zaidi ya daftari moja, na inafaa ianze mwezi huu, maana wengi wao wamekwisha kuvuka miaka 80.