KALE IPI? MJADALA WA KUFUFUA VISAKALE VYA CHULT

Makala haya yanahusu mchezo. Najua wapo watakaosema kwamba jarida la uhakiki wa fasihi si mahali pa michezo, hayo yaachiwe kurasa za nyuma za magazeti. Lakini mchezo ninaousema hauchezwi kwa mpira wala kwa kete za bao. Unachezwa kwa kusimulia. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja anajivika mhusika wake, mmoja anakuwa msimulizi, na dadu zinaamua nani kafaulu na nani katumbukia shimoni. Ukiniuliza mimi, hiyo ni fasihi simulizi, ila imezaliwa ukubwani na ina kitabu mkononi. Na wapenzi wake wanagombana juu ya swali lile lile tunalogombania sisi darasani: hadithi ya kale ikifufuliwa, ifufuliwe kama ilivyokuwa, au kama wakati unavyotaka iwe?

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo umejikusanyia visakale vyake: nchi za kubuni, miungu, wafalme, vita na ramani. Kila baada ya muda hutolewa kitabu cha kisa kipya cha kuchezwa, na mara nyingi kisa hicho kipya huwa ni cha zamani kilichovishwa nguo nyingine. Ravenloft ya mwaka 1983, kwa mfano, ilirudi mwaka 2016 kwa jina la Curse of Strahd. Mimi nitazungumzia kisa kimoja tu, Tomb of Annihilation, yaani Kaburi la Maangamizi, kilichotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast Septemba 2017. Nimekichagua kwa sababu kinatuhusu, hata kama waliokitunga hawakutufikiria sisi. Kinatokea Chult, rasi ya misitu mizito yenye dainosaria, wafu wanaotembea, na wenyeji weusi.

Tuanze na historia, maana bila historia mjadala huu ni kelele tu.

Kitabu cha 2017 kilifukua makaburi mawili. La kwanza ni Tomb of Horrors. Gygax alikiendesha kisa hicho kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975, kikachapishwa mwaka 1978. Mwenye kaburi ni Acererak, mchawi aliyekataa kufa, na kazi ya kaburi lake ni kuwaua wachezaji kwa mitego. Ndani ya kisa hicho hamna Chult hata kidogo. Kaburi la pili ni Chult yenyewe. Mwaka 1992 James Lowder alitoa riwaya iitwayo The Ring of Winter, na mwaka 1993 yeye na Jean Rabe wakatoa kitabu cha mchezo, The Jungles of Chult. Vyote viwili vilitoka katika kampuni ya TSR, ambayo mwaka 1997 ilinunuliwa na Wizards of the Coast.

Katika Chult ya Lowder, mtafiti mmoja kutoka kaskazini, Artus Cimber, anaingia msituni akitafuta pete ya ajabu, anakutana na Mezro. Mezro ni mji wa watu weusi uliojificha nyuma ya kinga ya uchawi. Una mfalme wake, una wasomi wake, una mungu wake Ubtao, na una walinzi wasiozeeka waitwao barae. Mmoja wa barae hao, Ras Nsi, alifukuzwa mjini kwa sababu aliwachinja watu wa kabila la Eshowe kwa kulipiza kisasi. Yaani mji huo ulikuwa na utukufu na ulikuwa na dhambi yake pia, kama mji wowote wenye historia.

Sasa, mwaka 2008 mchezo ulipopata toleo lake la nne, ulimwengu huo wa kubuni ulipigwa na janga kubwa, na Mezro ukafutwa. Ndiyo maana tangazo la 2017 liliwasisimua wapenzi wengi wa zamani: Chult inarudi! Kitabu kilipofika mikononi mwao, ikawa vita.

Kambi ya kwanza ni ya wahafidhina. Hawa walilalamika kwamba Mezro haukurudi. Kwenye ramani ni magofu, na mji wenyewe eti umehamia mahali pengine nje ya dunia, wachezaji hawafiki. Ras Nsi, aliyekuwa binadamu mwenye kisasi na hatia, kageuzwa mtu-nyoka anayetawala watu-nyoka wenzake. Kambi ya pili ni ya wageuzaji. Hawa walisema Chult ya zamani haikustahili machozi: ni Afrika ya sinema, msitu na ngoma na mafuvu, na hata hiyo mpya ni mchanganyiko wa vipande vya tamaduni mbalimbali za Afrika vilivyotupwa chungu kimoja. Kambi ya tatu, na nadhani ndiyo kubwa, ilisema: jamani, sisi tunataka kukimbiza dainosaria mitaani, mengine tuacheni.

Kila kambi ilizungumza juu ya kale kana kwamba kale ni moja. Hapo ndipo ninapotaka kutia mkono, na nitatumia jina moja tu: Tabaxi.

Katika vitabu vya 1992 na 1993, Tabaxi ni watu. Ndio kabila kubwa la wenyeji wa Chult, ndio wakazi wa Mezro. Katika kitabu cha 2017, Tabaxi ni paka. Ni viumbe wanaotembea kwa miguu miwili, wana manyoya na mkia, na wanajiita majina kama Mto wa Ukungu. Wale watu weusi wamebaki wanaitwa Wachult tu. Mhafidhina atasema: mmeona? Kabila zima limenyang'anywa jina, kapewa paka! Lakini ngoja kwanza. Paka aliitwa tabaxi kabla ya watu. Kiumbe huyo alikuwamo katika kitabu cha mazimwi kiitwacho Fiend Folio mwaka 1981, miaka kumi na moja kabla ya riwaya ya Lowder. Kwa hiyo mpenzi wa 1981 anaweza kusimama na kusema jina limerudi kwa mwenyewe.

Basi kale ipi? Kwa mpenzi wa 1978, kale ni kaburi la Acererak lisilo na Chult. Kwa yule wa 1981, kale ni paka. Kwa yule wa 1993, kale ni Mezro. Kila mtu anaita "asili" pale alipoingilia yeye mlangoni. Hili si geni kwetu. Kisa cha Fumo Liyongo kilisimuliwa pwani kwa vizazi vingi kabla Muhammad Kijumwa wa Lamu hajakiandika kwa utenzi mwaka 1913, na leo wengi wetu tunauchukulia utenzi huo kama ndio kisa chenyewe. Wapi! Ni mlango mmoja kati ya milango mingi.

Kwa hiyo hoja ya uaminifu kwa kale haitufikishi popote. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mfufuaji alikuwa na maiti wangapi mbele yake, na alichagua kumwinua nani? Nikiuliza hivyo, kitabu cha 2017 kinaanza kusema mambo ambayo hakikukusudia kusema.

Hebu tuhesabu. Acererak kafufuliwa. Artus Cimber kafufuliwa, tena na rafiki yake Dragonbait, yule mjusi wa riwaya ya Azure Bonds ya mwaka 1988. Dainosaria wamo. Wafu wanaotembea wamo. Jina la Tabaxi limefufuliwa kwa faida ya paka. Kilichoachwa kilale ni mji wa watu weusi wenye wasomi, mfalme na sheria. Na anayeukumbuka Mezro kwa uchungu kuliko wote katika kitabu hicho ni nani? Ni Artus, mgeni kutoka kaskazini, kwa sababu mke wake yumo humo. Kumbukumbu ya mji wa wenyeji imewekwa kifuani mwa mgeni. Hii ndiyo dosari ninayoiona kubwa, na haikutajwa sana katika ugomvi ule kwa sababu kila mtu alikuwa anahesabu manyoya ya paka.

Umbo hili lina ukoo wake, na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaufahamu. Mwaka 1885 H. Rider Haggard alitoa riwaya yake ya wazungu wanaotafuta hazina katika Afrika ya kubuni, na mwaka 1929 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson. Babu zetu waliisoma shuleni. Walisoma Afrika iliyobuniwa Uingereza, wakaisoma kwa lugha yao, na nina hakika wapo walioipenda, maana ni kisa kitamu. Katika utanzu huo mji wa ajabu upo ili mgeni aufikie, autazame, kisha aondoke na kitu mfukoni. Lowder aliutumia utanzu huo huo, lakini angalau aliuacha mji ukiwa na watu ndani. Waliomfuata walibakiza safari na hazina, wakauondoa mji.

Haki itendeke: kitabu cha 2017 hakikukosa mji kabisa. Kimetupa Port Nyanzaru, bandari ya wafanyabiashara weusi matajiri, ambao kwa mujibu wa kisa waliinunua tena bandari yao kutoka kwa watawala wa Amn. Hilo ni jambo jipya na zuri. Pia kimetupa ngome ya Beluarian, ambako jeshi la kukodiwa kutoka ng'ambo linauza hati za kuvinjari msitu usio wake. Msomaji wa huku hawezi kuipita hati hiyo bila kukohoa. Carl Peters na wenzake walipata hati yao ya Ujerumani mwaka 1885, na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ikapata ya kwao mwaka 1888. Mtunzi kaligusa jambo zito hapo, kisha kaliacha kama kero ya njiani tu.

Na majina! Nyanzaru kwa sikio letu ni Nyanza iliyoongezewa mkia. Mmoja wa wakuu wa bandari anaitwa Wakanga O'tamu. Tulipokicheza kisa hiki bwenini, wanne tukiwa na dadu za kuazima, jina hilo lilitusimamisha robo saa nzima kwa kicheko. Mwenzetu mmoja alisema huyu bwana lazima anauza kanga, tena tamu. Tulicheka, lakini baadaye nililifikiria jambo hilo kwa namna nyingine. Majina haya yamepewa sauti ya kwetu bila kupewa maana. Ni kama mtu aliyejifunza lafudhi yako akaacha lugha.

Juni 2020 Wizards of the Coast walitoa tamko kwamba katika matoleo mapya ya Tomb of Annihilation na Curse of Strahd wamerekebisha maneno yaliyokuwa na ubaguzi. Wapo waliokasirika kwamba kale imechezewa tena, wapo waliopiga makofi. Mimi sipingi marekebisho hayo. Ila neno likisafishwa, uchaguzi wa mwanzo unabaki palepale: magofu ni magofu, na mgeni bado ndiye mwenye kumbukumbu.

Kuna atakayeniuliza: basi unataka mtunzi afungwe mikono? Hapana. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa historia. Aligeuza, akaongeza, akaacha. Lakini ukiitazama tamthilia hiyo unaona alichokiinua kutoka kaburini: swali la watu wanaohitaji imani ili waungane, na hatari ya imani hiyo. Aliinua kitu ambacho wenye historia hiyo wangekitambua kuwa ni chao. Huo ndio mpaka ninaoutaka, na hauhusiani na mwaka wa chapa ya kwanza.

Cha kushangaza ni kwamba kisa chenyewe cha Tomb of Annihilation kinahusu ufufuo ulioharibika. Laana imeikumba dunia. Waliowahi kufufuliwa wanadhoofika siku hadi siku, na wafu wapya hawafufuki tena, kwa sababu roho zao zinanaswa na chombo kilichofichwa ndani ya kaburi. Wachezaji wanatumwa kwenda kukivunja chombo hicho. Wakishinda, mashujaa wa kaskazini wanapona. Mezro haufunguki.

Kwa kuwa mchezo huu ni wa kusimulia, dawa yake ipo mezani, haingojei kampuni. Msimulizi yeyote anaweza kuufungua mji, akawarudishia wenyeji jina lao na kumtafutia paka jina lingine, akamfanya Ras Nsi binadamu tena ili aulizwe habari za Waeshowe. Sisi wanne tulifanya hivyo kuanzia mkutano wa tatu, na kisa hakikuvunjika. Kiliongezeka uzito, kwa sababu sasa palikuwa na mtu wa kumjibu. Wanaoona kwamba hapo tumeisaliti kale, waeleze kwanza ni kale ipi. Uwanja ni wenu.