Vua Wigi, Vaa Wigi: Mzazi Mbele ya Hannah Montana

Karibu na mwisho wa Hannah Montana: The Movie, filamu ya mwaka 2009, msichana yuko jukwaani katika mji mdogo wa Tennessee. Anakatisha wimbo na kuvua wigi lake la rangi ya dhahabu. Watu wanabaki wameduwaa. Kumbe nyota waliyekuwa wakimshangilia ni Miley Stewart, binti wa palepale kwao! Anawaambia maisha mawili yamemshinda, hawezi tena. Basi umati unafanya nini? Unamsihi alirudishe wigi kichwani. Watampa heshima ya kumtunzia siri, ilimradi aendelee kuwa Hannah. Analivaa, muziki unapigwa, na sisi tulioketi kwenye kochi tunafuta machozi.

Nimeshaulizwa na wazazi wenzangu zaidi ya mara moja kama filamu hii inafaa watoto. Jibu fupi ni ndiyo. Kule Marekani ilipewa daraja G, yaani watu wa rika zote. Hakuna damu, hakuna matusi, mapenzi yake ni ya kitoto. Kuna vurugu moja ya viatu dukani kati ya Hannah na Tyra Banks, nayo ni ya kuchekesha. Mtoto wa miaka sita anaweza kuitazama na bibi yake bila mtu kutafuta rimoti kwa haraka.

Ila miongozo ya wazazi huishia hapo. Inahesabu mabusu, inahesabu matusi, inafunga daftari. Mimi naona filamu zinazohusu ustaa wa watoto zinataka jicho jingine: pesa anashika nani, saa za kazi anapanga nani, na mambo yakiharibika anabebeshwa nani lawama. Katika filamu hii anayebebeshwa ni Miley mwenyewe. Amelewa sifa, ameiharibu sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake Lilly, kwa hiyo baba anampeleka shamba kwa bibi akapate adabu. Tatizo ni tabia ya binti. Hakuna anayeuliza kwa nini mtoto wa shule ana ajira ya mtu mzima tangu mwanzo.

Swali hilo lina historia ndefu, na lilianza mahakamani.

Jackie Coogan ndiye yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921. Alizaliwa mwaka 1914, kwa hiyo dunia nzima ilimjua akiwa bado hajaota meno yote ya ukubwani. Inakadiriwa alivuna kati ya dola milioni 3 na 4, pesa ya kutisha kwa enzi zile. Baba yake alifariki katika ajali ya gari mwaka 1935. Kijana alipofikia utu uzima na kuuliza fungu lake, mama na baba wa kambo wakamwambia hana chake. Na kisheria hawakuwa wakibahatisha, maana sheria ya California wakati ule ilihesabu kipato cha mtoto kuwa mali ya mzazi. Alikwenda mahakamani mwaka 1938. Nyingi zilikuwa zimeshaliwa, na alichoambulia mwishowe ni kama dola 126,000.

Kelele zilizofuata zilizaa sheria ya mwaka 1939, ambayo hadi leo watu huiita kwa jina lake. Ilimwezesha jaji kuagiza sehemu ya kipato cha mtoto iwekwe akiba. Kumwezesha, nasema, si kumlazimisha. Shirley Temple, mtoto aliyependwa kuliko wote katika sinema za miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba katika zaidi ya dola milioni 3 alizopata, alikuta zimebaki kama 44,000. Hata umri wake ulichezewa: alikuwa akisubiri kutimiza miaka 12, akaambiwa anatimiza 13. (Baadaye alikuwa balozi wa nchi yake huko Ghana, kwa hiyo tusimlilie kupita kiasi.)

Sasa angalia mwaka huo wa 1939 ulileta nini kingine. MGM walitoa Babes in Arms, filamu ya nyimbo iliyoongozwa na Busby Berkeley. Wazazi ni wasanii wa majukwaani, sinema imewaua kibiashara, hawana kazi. Watoto wao, Mickey Rooney na Judy Garland mbele, wanaandaa onyesho lao wenyewe ili kuinusuru familia. Ni filamu changamfu, ingawa ina sehemu ya waigizaji kujipaka masizi kuigiza watu weusi, na hiyo mzazi aifahamu mapema kabla hajaulizwa na mtoto. Kinachonishangaza zaidi ni wazo lenyewe. Mtoto anailisha familia kwa kucheza na kuimba, na filamu inalitangaza hilo kama furaha tupu, katika jimbo lilelile ambalo limetoka tu kutunga sheria kwa sababu watoto wanaozilisha familia zao walikuwa wanaibiwa.

Garland alikuwa na miaka 17. Baadaye alisimulia jinsi studio ilivyowapa vidonge vya kuwaweka macho kazini, kisha vingine vya kuwalaza. Alikufa London mwaka 1969 kwa kuzidisha dawa za usingizi, akiwa na miaka 47. Rooney alifika uzeeni, na mwaka 2011, akiwa na miaka 90, alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kueleza jinsi wazee wanavyonyanyaswa na kunyang'anywa mali na watu wa karibu, na yeye akiwa mmoja wao.

Turudi kwa Miley Cyrus. Kipindi cha Hannah Montana kilianza Machi 2006, naye ana miaka 13. Anayeigiza baba yake ni baba yake wa kumzaa, Billy Ray Cyrus, na ndani ya hadithi baba huyo ndiye pia meneja wa Hannah. Mtazame vizuri: mzazi halisi anaigiza mzazi ambaye ni bosi wa mwanawe, ndani ya kazi ambayo mwanawe ndiye nyota. Sidai kwamba alimnyonya, sina sababu ya kusema hivyo. Wakati huo sheria ya Coogan ilikuwa imeshatiwa meno, maana tangu mwaka 2000 mwajiri analazimika kuweka asilimia 15 ya malipo ya mtoto kwenye akaunti ya amana. Lakini asilimia haigusi lawama. Mwaka 2008 jarida la Vanity Fair lilitoa picha yake amejifunika shuka, mgongo wazi, akiwa na miaka 15. Watu wazima walimpiga picha, watu wazima wakaichapisha. Akaomba radhi yeye. Miaka kumi baadaye, akiwa mtu mzima, aliifuta radhi ile.

Iko filamu ya nyimbo isiyoficha haya, Fame ya mwaka 1980, ya Alan Parker, inayofuata wanafunzi wa shule ya sanaa mjini New York. Humo msichana Coco anadanganywa na mtu anayejifanya mwongozaji wa filamu, na anachofanyiwa mbele ya kamera kinaumiza kukitazama. Ilipewa daraja R, na ni sawa, mtoto mdogo asiione. Ila mzazi aione, peke yake, kabla ya kuwasha ile ya wigi. Ndiyo ninayoiamini zaidi.

Mimi niliitazama Hannah na mpwa wangu wa miaka tisa. Sikumhubiria, nilisimamisha tu pale umati unapoomba wigi, nikamuuliza angekuwa yeye angelivaa. Akasema angelivaa. Kwa nini? "Si wamemwomba wote, mjomba?" Akataka niendelee.

Siku hizi huhitaji studio wala Hollywood, simu ya mama inatosha. Illinois ilianza Julai 2024 kuwataka wazazi wanaopata pesa kwa video za watoto wao wawawekee fungu, na California ikaipanua sheria ya Coogan mwaka huohuo iwafikie watoto wa mitandaoni. Mpwa wangu ana video tatu kwenye simu ya dada yangu, anacheza muziki sebuleni. Ya tatu ndiyo iliyopendwa na watu wengi, na jioni ile dada alikuwa anamtafutia gauni la kurekodia ya nne.