Reli Iliyofuata Karanga

Ukiitaja Kiegei hapa mjini, wengi watakuuliza iko wapi. Ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, nchi ya korosho na ufuta. Lakini mambo makubwa ya dunia yamewahi kupiga hodi wilayani humo, tena mara mbili.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya karanga. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula, hivyo mwaka 1947 ikaanza kuleta matingatinga Tanganyika. Kongwa mvua ilikuwa haba. Nachingwea mvua ilikuwa afadhali, ila bandari na reli hapakuwa. Vikajengwa. Mwaka 1951 mpango mzima ukafutwa, umekwishameza pauni zipatazo milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Ilikuwa imefuata karanga, haikuwafuata watu.

Hodi ya pili ilikuwa ya wapiganaji wa FRELIMO. Nachingwea walipata mafunzo ya kijeshi chini ya Samora Machel, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Hawa walikuja mikono mitupu, wakaacha jirani huru ng'ambo ya Ruvuma.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa karanga alikuja na mamilioni, mwenyeji hakupona. Basi anayepeleka maendeleo kijijini leo, asianze na ramani. Aanze na mkulima aliyemkuta pale: amwulize udongo, mvua, na njia ya kufikisha korosho sokoni.