Ushuru Usio na Taarifa: Lugha ya Migogoro ya Biashara na Mkulima wa Bonde la Kilombero

Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Malawi ilikuwa imetangulia kuzuia bidhaa kadhaa za kwetu, zikiwemo unga, mahindi, tangawizi, ndizi na mchele, na Afrika Kusini kwa miaka mingi ilikuwa haipokei ndizi zetu. Baada ya siku chache za mazungumzo marufuku yetu iliondolewa. Kwa kuwa mchele ulikuwamo katika orodha, Bonde la Kilombero lilikuwamo katika mgogoro, ingawa mkulima wa Ifakara hakuulizwa neno.

Migogoro ya namna hii ni darasa zuri la Kiingereza, nami huwahimiza wanafunzi wangu walitumie. Msamiati wake hujirudia kila wiki, na habari zenyewe zinagusa maisha yao. Mwanafunzi hukutana na "tit-for-tat" na kuikumbuka "jino kwa jino" ya kwao. Hukutana na "level playing field" na kuuliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeupima uwanja huo. Hata hivyo, ninadai katika makala haya kwamba nahau za biashara zina historia, na anayejifunza maana ya kamusi bila historia hujifunza nusu, pengine kinyume.

Tuanze na yetu. Kiswahili hakikuwahi kuwa mgeni katika lugha ya biashara. Ushuru ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni sehemu moja ya kumi iliyotozwa. Forodha nayo ilitoka Kiarabu, bandari Kiajemi, hundi na laki Kihindi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alipofanya mkataba na Marekani kupitia mjumbe Edmund Roberts, ushuru wa bidhaa za Wamarekani uliwekewa kikomo cha 5%. Nguo za pamba zilizoletwa na wafanyabiashara hao zilienea hadi bara, na watu wakaziita merikani. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga neno hilo. Lilizaliwa kwa sababu Mswahili mwenyewe alikuwapo sokoni, akinunua, akiuza, akibishana bei.

Sasa tazama neno "tariff", ambalo leo linasikika katika kila taarifa ya habari ya Marekani. Waingereza walilipata kupitia lugha za Bahari ya Kati, na asili yake ni Kiarabu: mzizi uleule wa kujua na kujulisha uliotupatia sisi taarifa. Kwa asili, basi, orodha ya ushuru ni tangazo. Ni jambo ambalo mlipaji amejulishwa kabla ya kudaiwa. Nitarudi katika undugu huu, kwa sababu bondeni Kilombero umekatika.

Nahau nyingine zinahitaji tahadhari zaidi. "Most favoured nation" hutafsiriwa na wanafunzi wengi kuwa taifa linalopendelewa kuliko yote, nao huhitimisha kwamba ni upendeleo. Maana ya kisheria, kama ilivyo katika kifungu cha kwanza cha mkataba wa GATT wa 1947, ni karibu kinyume chake: nafuu uliyompa mmoja uwape wanachama wote. Wamarekani wenyewe waliona jina hilo linapotosha, na mwaka 1998 wakalibadilisha katika sheria zao kuwa uhusiano wa kawaida wa kibiashara.

"Open door", yaani mlango wazi, inatuhusu moja kwa moja. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, ilifungwa na sharti la kutoa nafasi sawa kwa biashara ya wanachama wote wa Shirikisho. Kabla ya hapo mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885, ilikuwa imeweka kanuni kama hiyo kwa eneo kubwa la Afrika Mashariki. Matokeo yake, katika miaka ya 1930 nguo za bei nafuu za Japani ziliingia kwa wingi huku wenye viwanda wa Lancashire wakilalamika, na serikali ya kikoloni haikuweza kuwawekea ushuru wa upendeleo. Mnunuzi wa Kiafrika alipata nguo rahisi. Lakini nani aende na nani abaki nje ya mlango huo yalikuwa mazungumzo ya mabwana peke yao. Tanganyika ilikuwa mlango. Haikuwa mwenye nyumba.

Baada ya uhuru tuliketi mezani kama wenye nyumba. Je, lugha ilibadilika? Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, katika kifungu cha 137, uliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano ya watu. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, mchele uliwekwa miongoni mwa bidhaa nyeti, na ushuru wa mchele kutoka nje ya Jumuiya ukawa 75%. Kwa mkulima wa Kilombero hiyo ilikuwa ngao. Lakini Kenya iliruhusiwa kutoza 35% badala yake, kwa utaratibu uitwao "stay of application". Maneno hayo matatu, ambayo hata mhitimu wa chuo kikuu huyasoma mara mbili, yanapunguza zaidi ya nusu ya ngao hiyo katika soko kubwa la jirani.

Mwaka 2013 funzo lilikuwa kali zaidi. Serikali iliruhusu mchele uingie bila ushuru ili kushusha bei. Bei ilishuka, na waliokuwa na akiba ghalani wakapata hasara. Majirani nao walishuku kwamba mchele unaovuka mipaka yetu ni wa Asia, na baadhi wakautoza ushuru kana kwamba umetoka nje ya Jumuiya. Mpunga uliolimwa kando ya Mto Kilombero, labda wa mbegu ya SARO 5 iliyotokana na kazi ya watafiti wa KATRIN palepale Ifakara, ukahitaji kuthibitisha uraia wake mpakani. Mjadala wa cheti cha uasili wa bidhaa uliendeshwa kwa Kiingereza. Hasara ilihesabiwa kwa Kiswahili, kwa magunia.

Wako watakaosema kwamba mkulima hawezi kuelewa mambo haya hata yakitafsiriwa. Jibu lao limo katika neno lumbesa. Wanunuzi walipozoea kujaza gunia kupita kipimo na kulishonea kilemba juu, wakulima waliutambua udhalimu huo, wakauita kwa jina, na jina hilo likapanda hadi bungeni na katika operesheni za Wakala wa Vipimo. Mtu anayeielewa lumbesa anaielewa "dumping", yaani kuuza ng'ambo kwa bei iliyo chini ya ile ya nyumbani, pindi akielezwa. Yote mawili ni hila za mizani. Tofauti ni kwamba lumbesa hufanyika mbele ya macho yake.

Nawahimiza wanafunzi waendelee kujifunza Kiingereza cha migogoro hii, tena kwa bidii, kwa maana anayekwenda mezani bila lugha ya meza husaini asichokijua. Ila kila nahau waiulize maswali matatu: ilizaliwa katika ugomvi gani, ilimtetea nani, na kwa Kiswahili tuisemeje ili mlipaji aelewe?

Kwa watumishi wa umma nina ombi mahususi. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu 2019, na mwaka 2021 sheria yetu ilikifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hatua hizo hazijafika kwenye ushuru wa mchele. Maamuzi ya kila mwaka ya ushuru wa Jumuiya huchapishwa kwa Kiingereza katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni na kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Huo ndio wakati mpunga unavunwa Kilombero na madalali wako mashambani. Dalali mwenye simu na ndugu Nairobi hujua bei ya kesho. Mwenye shamba huuza kwa bei ya jana. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye viwango vya mchele, mahindi na sukari na nchi zilizopewa nafuu, ukibandikwa katika kila ofisi ya kata na chama cha ushirika kabla ya mavuno kwisha, hauhitaji bajeti mpya wala sera mpya. Unahitaji mtu mmoja wizarani aliyeamua kwamba ushuru na taarifa ni ndugu.