Mtu wa Chukudu: Somo Juu ya Picha na Sanamu

Leo twauliza: sanamu yamwambia nini mtu aitazamaye?

Swali hili ni la kale. Serenus, Askofu wa Marseille, aliona watu wake wakiabudu picha za kanisani, akazivunja. Papa Gregori Mkuu alimwandikia mwaka 599, na tena mwaka 600. Alimsifu kwa kukataza watu wasiabudu kazi ya mikono. Lakini alimlaumu kwa kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma huyapata ukutani yale ambayo wengine huyapata kitabuni. Ukuta ni mmoja: Askofu aliona hatari, Papa aliona shule.

Sasa tuje Goma. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua mjini humo sanamu ya rangi ya dhahabu, ya mtu na chukudu yake. Ninyi wa njia ya Kibumba mwaijua chukudu: ubao mrefu, usukani wa mti, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gari. Kwenye mteremko dereva hupiga goti moja juu yake. Kwenye mlima hushuka, akaisukuma pamoja na viazi, makabichi au makaa, mzigo wa kilo mamia.

Sanamu ile iliwekwa iwe heshima kwa jasho la watu wa mji. Ndivyo alivyokusudia aliyeiweka. Lakini macho ya watu hayangoji kuambiwa. Msukuma chukudu apitaye chini yake aweza kuuliza, «Mbona mwenzangu ni wa dhahabu, nami sina viatu?» Mama aliyekimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, siku zile lava ilipoliharibu hata kanisa kuu la Goma, aweza kuona godoro lake na watoto wake njiani. Aliyehama vita vilipouingia mji Januari 2025 huona yake. Mgeni huona ufundi tu, akaenda zake.

Na ile dhahabu je? Mkristu aliyezoea duara la dhahabu kichwani pa watakatifu huisoma kuwa heshima. Anayeijua migodi ya Kivu huisoma kuwa mali, na pengine huuliza imekwenda kwa nani. Mimi sioni kwamba mmoja wao amekosea. Lakini akija mtu kusema kwamba yule ni mfalme, huyo amekosea kweli, maana mikono imeshika usukani, wala hakuna kiti cha enzi. Maana za sanamu ni nyingi, ila sanamu yenyewe huziwekea mpaka.

Kabla ya somo lijalo, tazameni picha moja iliyo nyumbani mwenu. Mwiteni mtoto aeleze anachokiona, nanyi msimtajie kwanza jina la aliyechorwa.