Sayari ya Bei Nafuu

Mwaka 1974 John Carpenter alitoa Dark Star, filamu ya anga za juu iliyogharimu takriban dola 60,000. Kiumbe wake wa kutisha ni mpira wa kuchezea ufukweni uliotiwa makucha. Watu walicheka, basi. Lakini Dan O'Bannon, aliyeiandika naye, aliuchukua mzaha uleule akautia hofu, na 1979 ikatoka Alien. Ufukara nao una kizazi chake.

Kwetu Kenya ipo Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika kama 20 tu. Roketi haimo, ila maisha yote ni ya chomboni: watu wamefungiwa ndani, nje kunaogopwa, jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena. Ilifika Sundance 2010. Lakini ilipigwa Afrika Kusini, na hilo huniuma kidogo.

Maana pwani hii imeona roketi za kweli. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei itokayo angani. Siku ile Kenya ilitimiza miaka 7 tangu ijitawale, nayo ikaitwa Uhuru. Hebu niambie, mwandishi gani wa sinema angethubutu kubuni jina kama hilo?

Zambia walikuwa na pungufu ya hayo. Mwaka 1964 Edward Mukuka Nkoloso aliwafunza vijana wake safari ya mwezini kwa kuwabiringisha ndani ya pipa. Hata hivyo, kisa chake kilizaa filamu fupi, Afronauts, mwaka 2014.

Sasa shuka kusini hadi Mkwiro, ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini. Chini ni matumbawe ya kale, makali, yenye matundu. Jua likiwa utosini, sayari ngeni unayo tayari, hujapiga msumari hata mmoja. Inatakiwa kamera, betri za akiba, mashua ya kutoka Shimoni, na mtu ajuaye maji yatakupwa saa ngapi. Wazee wa kijiji waombwe ruhusa kwanza. Na maji ya kunywa mje nayo, kwa kuwa kisiwani mto hakuna. Yaliyokingwa ya mvua ni ya wenyewe.